Neno la Mungu li hai: kwa nini tunalisoma aya mojamoja?

Mkaa Bombolulu (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya Waebrania 4:12. Hapa Mombasa aya hii naisikia kila mahali: kwenye kesha, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye redio alfajiri. "Neno la Mungu li hai, tena lina nguvu, tena lina ukali kuliko upanga uwao wote ukatao kuwili." Na kila inapotajwa, upanga unaelekezwa nje: kwa wachawi, kwa bosi mkorofi, kwa mama mkwe, kwa yeyote anayeziba njia yako. Tunakabidhiwa upanga, tunaambiwa tukate.

Sasa tufungue sura yenyewe. Tangu sura ya 3 mwandishi anawakumbusha wasomaji wake Zaburi ya 95: "Leo, kama mtaisikia sauti yake, msifanye migumu mioyo yenu." Anawazungumzia wana wa Israeli waliotolewa Misri, wakavuka bahari, wakala mana, kisha wakafika mpakani mwa nchi ya ahadi wakagoma kuingia. Habari yao iko Hesabu 13 na 14. Neno walilisikia vizuri kabisa, lakini 4:2 inasema halikuwafaa kwa sababu halikuchanganyika na imani ndani yao. Hapo ndipo mwandishi anafika kwenye upanga. Je, unamkata nani? Unamkata aliyesikia! Aya ya 13, ambayo sijaisikia ikihubiriwa pamoja na ya 12 hata kwenye kesha moja, inaendelea kwamba hakuna kiumbe kisichokuwa wazi mbele zake, vitu vyote vi utupu machoni pake.

Kwa hiyo nikisema Neno li hai nakiri kwamba Mungu hajanyamaza, na kwamba anayesemeshwa ni mimi, pamoja na yale mawazo niliyoyaficha. Na ukisonga mbele hadi aya ya 14 na 16 unakuta sababu ya kutoogopa kukatwa: tunaye kuhani mkuu, Yesu, tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri tupewe rehema. Upanga na rehema viko kwenye ukurasa mmoja. Ukichomoa aya moja unaondoka na chuma kitupu.

Yeremia 29:11 nayo iko hivyohivyo. Imebandikwa nyuma ya matatu, kwenye vioo vya tuktuk, kwenye kadi za michango ya harusi. Mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni kweli tupu na naipenda. Ila ni kipande cha barua. Yeremia aliwaandikia watu wa Yerusalemu waliohamishwa na Nebukadreza kwenda Babeli. Nabii Hanania alikuwa ameshatangaza kwamba baada ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na mateka watarudi (sura ya 28 yote ni kisa hicho). Yeremia anawaandikia kwamba ni miaka 70. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alijua atazikwa ugenini. Sasa afanye nini huko? "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani." Oeni, zaeni, wala msipungue. Halafu aya ya 7: utakieni amani mji ule, mkauombee kwa BWANA, kwa maana katika amani yake mtapata amani.

Wengi wetu tunaojaza makanisa ya Bamburi, Mikindani na Changamwe tumeletwa hapa na kazi. Nyumbani tunapaita kule bara. Hapa ni pa kutafutia. Ndiyo maana takataka tunazisukumia mtaroni, jirani mwenyeji hatumjui hata jina la mwanawe mkubwa, na uchaguzi ukinusa tu tunapandisha watoto basi. Aya ya 11 nimekuwa nayo ukutani tangu nikiwa kapera na haikuniuliza kitu. Siku tuliposoma sura nzima kwenye ushirika wetu wa nyumbani, aya ya 7 iliniuliza mbele ya watu: wewe mji huu umeuombea lini?

Nimalizie hapo. Huko kwenu Maandiko mnayasomaje? Sura, aya, au mnasubiri Jumapili?

---

Kuli wa Kilindini

Ndugu, umesema kweli, ila unasema kama mtu wa ofisini. Mimi natoka shifti ya usiku bandarini, navuka feri, nikifika nyumbani Mtongwe macho yamejaa mchanga. Aya moja inayoingia kwenye simu asubuhi ndiyo chakula changu. Utaniambia sijala?

---

Mkaa Bombolulu

Umekula, ndugu yangu, na Mungu amewashibisha watu wengi kwa aya moja. Sikudharau hata kidogo. Ninachokuomba ni kitu kidogo. Simu hiyohiyo inayokuletea aya inaweza kukusomea. Programu za Biblia za Kiswahili zenye sauti zipo, nyingine unapakua ukiwa na bando kisha unasikiliza bila intaneti. Waraka kwa Wafilipi wote, sura nne, husomwa kwa sauti chini ya nusu saa. Foleni ya Likoni peke yake inautosha.

Tena kusikiliza si kusoma kwa njia ya mkato. Makanisa ya kwanza yalisikia. Barua ilifika moja, mmoja akasimama akasoma, wengine wakatega masikio. Wakolosai 4:16 Paulo anaagiza waraka ukishasomwa kwao upelekwe ukasomwe Laodikia. Ufunuo 1:3 inambariki asomaye na wale wayasikiao.

---

Mama Magongo

Hilo la kusikia niliongezee. Mama yangu ni Mgiriama wa Kaloleni, hakuwahi kuingia darasani. Jioni mjukuu alikuwa anamsomea Biblia ya Kigiriama, naye anafumba macho kama amelala. Mtoto akiruka mstari kwa uvivu, bibi bado amefumba macho, anamwambia "rudi." Injili ya Luka ilikuwa imemkaa kichwani kwa mpangilio wake, anajua baada ya mwana mpotevu linakuja lile la wakili dhalimu. Wanangu wenye vyeti hawajui hilo.

Msiwafanye wasiosoma wakaonekana watu wa nje kwenye mada hii.

---

Moto wa Roho

Nasoma tu nacheka kwa uchungu. Hivi ndivyo makanisa yalivyopoa. Semina, madaftari, muktadha, historia. Paulo amesema wazi, 2 Wakorintho 3:6, "andiko huua, bali roho huhuisha." Mafarisayo walikuwa na shule kuliko nyinyi wote humu, na bado walimkataa Bwana. Yohana 5:39, someni wenyewe. Mimi niliokoka Kongowea sokoni kwa aya moja iliyopigiwa kelele kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyenieleza muktadha.

---

Mkaa Bombolulu

Moto wa Roho, kwanza namshukuru Mungu kwa siku ile ya Kongowea, na simwambii mtu aliyeokolewa kwa aya moja kwamba aya ilikuwa chache. Lakini umetaja mafungu mawili na yote mawili yanastahili kusomwa mpaka mwisho.

Yohana 5:39, Yesu anawaambia mwayachunguza Maandiko, "na hayo ndiyo yanayonishuhudia." Kisha aya ya 40: "Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima." Kosa lao liko kwenye 40. Walishika ushahidi wakamkataa anayeshuhudiwa. Ndiyo maana Yohana alifungua Injili yake kwa kusema Neno alikuwako kwa Mungu, Neno alikuwa Mungu, na katika 1:14 Neno akafanyika mwili. Neno lililo hai kuliko yote ni Mtu. Kujifunza Maandiko ambako hakutufikishi kwake kumepotea njia, hapo mimi na wewe hatuna ugomvi kabisa.

2 Wakorintho 3 nayo, soma kuanzia aya ya 3. Paulo anazungumzia vibao vya mawe vya Sinai na huduma ya agano jipya iliyoandikwa mioyoni kwa Roho. Andiko linaloua ni sheria inayomhukumu mtu asiye na nguvu ya kuitimiza. Angekuwa anakataza kusoma asingekuwa anaandika, na asingemwagiza Timotheo afanye bidii katika kusoma (1 Timotheo 4:13). Mbele kidogo, aya ya 14 hadi 16, anasema utaji unabaki mioyoni mwao wakati wa kusoma, na mtu akimgeukia Bwana utaji huondolewa. Kinachoondolewa ni utaji. Kitabu kinabaki wazi.

Halafu nenda Luka 24. Bwana amefufuka, anatembea na wawili kuelekea Emau, na hawamtambui. Angeweza kuwaonyesha mikono tu wakapiga magoti pale njiani. Yeye akaanza na Musa na manabii wote, akawaeleza mambo yaliyomhusu katika Maandiko yote. Hiyo ni semina ya safari nzima! Na wao wenyewe ndio waliosema, "Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu?" Moto unaoutafuta wewe uliwaka wakati wa somo.

---

Dada wa Mikindani

Ngoja niseme kitu ambacho sikuwahi kukiandika popote.

Nilipofiwa na mume wangu, kikundi changu cha maombi kiliniletea orodha ya aya za ushindi. Niliambiwa nizikiri asubuhi na jioni, na nisisome "Zaburi za kulia" kwa sababu nitajitamkia mabaya. Nilikiri. Nilikuwa nakiri mpaka midomo inakauka, na ndani nimekuwa kama ukuta.

Usiku mmoja nikafungua Zaburi ya 88. Sikuitafuta, nilikuwa nasoma Zaburi kwa mfuatano na zamu yake ilikuwa imefika. Inaanza vizuri, "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu," nikasema sawa, sasa itapanda. Haikupanda. Niliendelea kungoja ule mstari wa "bali mimi nitakusifu" kama kwenye Zaburi nyingine. Ikaisha, mpenzi na rafiki umewatenga nami, na wanijuao wamo gizani. Basi. Nikageuza ukurasa nikidhani umechanika, nikakuta ni Zaburi ya 89 imeshaanza.

Nililia usiku ule kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kumbe Mungu aliiruhusu sala ya namna ile ikae ndani ya kitabu chake, haijapewa mwisho mzuri, na bado ni sala. Mimi hapo ndipo ninapojua Neno ni hai. Aliyenichagulia aya alinichagulia kwa upendo, sina kinyongo naye, lakini alinikatia kipande ambacho Mungu alikuwa ameniwekea mimi.

---

Mama Magongo

Pole sana mwanangu. Pole. Nimesoma nikanyamaza.

---

Moto wa Roho

Dada, pole. Hapo sina neno la kubishana.

---

Katekista wa Changamwe

Amani ya Kristo. Mimi ni Mkatoliki, natumai nakaribishwa.

Nakubaliana na mengi, ila nimkumbushe ndugu Mkaa jambo moja. Kusoma sura nzima peke yako chumbani hakukuhakikishii kwamba utaelewa. Matendo 8, yule towashi wa Kushi alikuwa na gombo la Isaya mkononi garini, anasoma tena kwa sauti, na bado alipoulizwa na Filipo akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Alikuwa kwenye sura ile tunayoihesabu leo kuwa ya 53, mwana-kondoo aongozwaye machinjoni. Filipo akaanzia andiko lilelile akamhubiri Yesu. Na hata ibilisi anajua kunukuu: Mathayo 4 alimtajia Bwana Zaburi ya 91, na maneno aliyoyataja yameandikwa kweli.

Kwetu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko mara kwa mara, ukasisitiza kwamba usomaji uende pamoja na sala. Mwaka 2019 Papa Fransisko akaitenga Dominika (Jumapili) moja kila mwaka, ile ya tatu ya kipindi cha kawaida cha kalenda yetu ya ibada, iwe Dominika ya Neno la Mungu. Lakini kazi yenyewe inafanyika kwenye jumuiya ndogo ndogo. Pale kwetu tunasoma Injili ya Dominika ijayo, tunanyamaza, inasomwa tena na mtu mwingine, ndipo kila mtu anasema alichoguswa nacho. Ule ukimya katikati wageni huwasumbua. Huwa nawaambia wavumilie, maana usomaji wa pili ndio unaosikika.

---

Mkaa Bombolulu

Karibu sana mwalimu, na hapo kwa Filipo umenifunga mdomo kwa haki. Nehemia 8:8 inasema hilohilo: Walawi walisoma kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata watu wakayafahamu yaliyosomwa. Nakazia tu upande wa pili. Wale wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, mtume, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Luka anawaita waungwana kwa sababu hiyo. Mchungaji anayekasirika waumini wakifungua Biblia kuhakiki mahubiri yake, nashindwa kumwelewa.

---

Mzawa wa Rabai

Wapendwa, na mimi mzee niseme. Mnajua Neno lilianzaje kuandikwa kwa Kiswahili hapa kwetu?

Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka uleule alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga, na kaburi lao liko Nyali hadi leo, watu wanalipita wakielekea ufukweni. Katika mwaka huohuo wa msiba alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi. Mkristo na Mwislamu wameketi juu ya sura moja, mstari kwa mstari. Mwaka 1846 akaja kwetu Rabai na mwenzake Johannes Rebmann. Krapf alikuja akaondoka, Rebmann akakaa hadi 1875, akatoka akiwa amepofuka. Injili ya Luka aliyoifanyia kazi kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1876, mwaka aliofariki.

Hapo sijataja Biblia nzima ya Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, iliyotoka 1914, wala ile ya Union Version ya 1952 ambayo nyote humu mnainukuu bila kuitaja.

Mtu alipofuka akiwa kwenye kazi hii. Tumerithi sura zote, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Inaniuma nikimwona kijana anatumia aya kumi miaka kumi. Mkija Rabai jengo la kanisa la zamani lipo na makumbusho ipo, karibuni, nitawatembeza.

---

Kijana wa Likoni

Shikamoo mzee. Asanteni wote. Mimi nina swali la kawaida tu. Rafiki zangu wa maskani wengi ni Waislamu, wamepita chuoni (madrasa) tangu wadogo, ukiwauliza kitu wana mahali pa kuanzia. Juzi mmoja kaniuliza kwa heshima kabisa, "Huyu Yesu katika Injili alisema yeye ni nani?" Nikabaki natafuta kwenye simu. Nianzie wapi?

---

Mkaa Bombolulu

Anza na Marko, kwa sababu swali la rafiki yako ndilo swali la Marko. Mlango wa kwanza unafungua kwa "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu." Kisha katika kitabu chote watu wanaulizana: 1:27 sinagogini, 2:7 waandishi, 4:41 wanafunzi ndani ya chombo. Wewe ni mtu wa pwani, hapo kwenye 4:41 utayasikia mawimbi. Katikati kabisa, 8:29, Yesu mwenyewe anageuza swali: "Na ninyi mwaninena mimi kuwa ni nani?" Katika 14:61 kuhani mkuu anamuuliza waziwazi, naye anajibu waziwazi. Na wa kwanza kati ya wanadamu kukiri kikamilifu ni akida Mroma chini ya msalaba, 15:39.

Usisome na kalamu ya kutafuta ahadi zako. Soma ukimwangalia Yesu anafanya nini, anamkasirikia nani, anamgusa nani. Ukikwama, kwama. Andika pembeni, mpelekee mtu anayeijua Biblia. Na ikiwezekana soma na mwenzako mmoja, kwa sauti, mkipokezana. Hata huyo rafiki aliyeuliza akipenda kusikiliza, msomee. Usimjibu kwa aya ya kumshinda. Kauliza kwa heshima, msomee kwa heshima.

---

Kijana wa Likoni

Amina. Naanza leo, nitarudi na maswali.

---

Kuli wa Kilindini

Nimerudi. Nimesikiliza Wafilipi kwenye feri, kwenda na kurudi, shifti mbili. Nina mambo.

La kwanza, ile 4:13, "Nayaweza mambo yote," nimeivaa kwenye fulana miaka mingi, nilidhani ni ya kupandishwa cheo. Kumbe kabla yake anasema amejifunza kuwa radhi, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Na huyu mtu amefungwa! Anataja vifungo vyake tangu sura ya kwanza. Jana tumekatwa ovataimu, nikaisikia aya ile kwa sikio jingine kabisa.

La pili ndilo linanisumbua. Sura ya 2 kuna Epafrodito, aliletwa na kanisa kumhudumia Paulo akaugua karibu kufa. Paulo alikuwa ameshaponya wagonjwa. Mbona hapa hasemi alimwekea mikono akainuka? Na mbona hasemi Epafrodito alikosa imani? Pale kazini mwenzetu ni mgonjwa na kuna waliomwambia hivyo.

---

Mkaa Bombolulu

Angalia 2:27 maneno yenyewe: "Mungu alimhurumia; wala si yeye tu, bali na mimi pia, nisipate huzuni juu ya huzuni." Paulo anakiri kwamba angehuzunika, na kupona kwa rafiki yake anakuita huruma ya Mungu. Aya ya 30 inaonyesha aliugua kwa ajili ya kazi ya Kristo, na aya ya 29 inaagiza kanisa limpokee kwa furaha yote na kuwaheshimu watu wa namna yake. Hakuna lawama hata chembe. Mgonjwa wenu asomewe hiyo, kuanzia 2:25, na wewe ndiye wa kumsomea. Amelazwa au yuko nyumbani?

---

Kuli wa Kilindini

Yuko nyumbani, Shelly Beach. Nitapita kwake nikitoka shifti kesho, simu nitaichaji mapema.